John Jacob Astor: muuza ngozi aliyeanza na viwanja viwili New York

Kila tukigusa habari za viwanja na fremu hewani, simu ya studio hujaa ujumbe wenye swali lilelile: mtu mwenye mtaji mdogo aanzie wapi? Kuna aliyeuza ufuta vizuri msimu huu, kuna mwenye mbuzi wachache wa mnadani, na wote wanaona maduka yanavyojengwa pale senta, wanajiuliza kama nao wanaweza kuwa wenye nyumba badala ya kuwa wapangaji siku zote.

Leo hatutajibu kwa nadharia. Tutamsimulia mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 170 iliyopita, mtoto wa mchinjaji, ambaye alipokufa alihesabiwa kuwa tajiri kuliko wote Marekani. Jina lake ni John Jacob Astor. Utajiri wake ulianzia kwenye ngozi za wanyama, lakini ulikaa na kukua kwenye ardhi ya mjini. Kuna mambo aliyoyafanya ambayo msikilizaji ungependa kuyaiga, na kuna mengine ambayo ni vizuri uyajue ili yasikukute ukiwa upande wa pili wa meza.

Filimbi, ngozi na viwanja viwili

Astor alizaliwa Julai 17, 1763 katika kijiji cha Walldorf, karibu na Heidelberg, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Nyumbani hakukuwa na cha kurithi. Akiwa na umri wa miaka kama 16 alikwenda London, ambako kaka yake George alikuwa kwenye biashara ya ala za muziki. Alikaa naye miaka michache, akajifunza Kiingereza na kuweka akiba kidogo kidogo.

Mwaka 1783 vita vya Wamarekani kujitoa mikononi mwa Waingereza vilikwisha. Mwishoni mwa mwaka huo Astor alipanda meli akiwa na filimbi chache za kwenda kuuza. Ilikuwa majira ya baridi kali, na meli ilinaswa na barafu kwenye ghuba ya Chesapeake, ikakaa hapo kwa wiki nyingi huku nchi kavu ikionekana kwa macho. Inasimuliwa kwamba ndani ya meli hiyo alikutana na Mjerumani mwenzake aliyemweleza kuwa fedha ya Marekani ipo kwenye ngozi za manyoya: unazinunua kwa bei ndogo kwa wenyeji wa porini, unaziuza London kwa bei kubwa. Machi 1784 alishuka Baltimore, na muda mfupi baadaye akawa New York, ambako kaka yake mwingine, Henry, alikuwa akiuza nyama.

Mwaka 1785 alimwoa Sarah Todd. Katika desturi ya kule mwanamke ndiye aliyekuja na fedha, kinyume na mahari yetu, na Sarah alikuja na dola 300. Mama yake alikuwa na nyumba ya kupangisha wageni, na humo wakafungua duka la ala za muziki na ngozi. Astor alikuwa akisafiri kwenda bara kununua ngozi, wiki kwa wiki njiani, huku mke wake akilinda duka. Waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba Sarah alikuwa na jicho la kupambanua ngozi nzuri na mbaya, na wengine wanasema alimshinda mume wake. Nalitaja hili kwa sababu simulizi za matajiri mara nyingi huanza na mwanamume mmoja peke yake, wakati dukani walikuwa wawili.

Ngozi iliyotafutwa zaidi ilikuwa ya biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito anayekata miti kwa meno yake. Manyoya yake yalitengeneza kofia za wenye nacho Ulaya.

Mwaka 1789, miaka mitano tangu afike, Astor alinunua ardhi kwa mara ya kwanza: viwanja viwili pembezoni mwa mji, eneo la Bowery. Muuzaji alikuwa kaka yake Henry. Tusimame hapo kidogo. Kwanza, fedha ilitoka kwenye faida ya duka, hakukopa. Pili, alinunua kwa mtu anayemjua, mahali ambapo ndugu yake alipajua vizuri kabla yake. Tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote, hakufunga duka. Biashara ya ngozi iliendelea kulisha familia, na ardhi ikawa mahali pa kuweka kile kilichobaki. Kiwanja hakikulazimika kumpa chakula cha kesho asubuhi, kwa hiyo hakulazimika kukiuza kwa haraka.

Wengi wanaoanza leo hugeuza mpangilio huo. Wanauza ng'ombe wote au shamba, wanajenga fremu mbili, kisha wapangaji wanachelewa miezi minne na nyumbani hakuna unga. Hapo ndipo dalali hupata fremu kwa bei ya hasara.

Kununua pale mji unapoelekea

Wakati Astor ananunua viwanja hivyo, New York ilikuwa mji mdogo tu. Sensa ya 1790 ilihesabu watu 33,131, na wengi waliishi kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Kaskazini kulikuwa na mashamba, mabwawa na miamba. Sensa ya 1850, miaka miwili baada ya kifo chake, ilikuta watu 515,547.

Hakuna mganga aliyemwambia hayo. Alikuwa mfanyabiashara wa bandarini, na kila siku aliona meli zinavyoongezeka. Tangu mwaka 1800 hivi yeye mwenyewe alianza kupeleka ngozi Canton, China, na kurudi na chai na hariri. Kisiwa chenyewe kimezungukwa na maji pande zote, kwa hiyo mji ulikuwa na njia moja tu ya kukua, nayo ni kupanda kaskazini. Mwaka 1811 wakuu wa mji walitoa ramani ya kupanga mitaa iliyonyooka hadi mbali sana kwenye mashamba, na mwaka 1825 mfereji wa Erie ulipokamilika, mazao ya bara yakaanza kumiminika katika bandari ya New York. Mwenye macho aliona, lakini wenye macho na akiba kwa pamoja walikuwa wachache.

Mwaka 1803 alinunua shamba la ekari kama 70 kwa dola 25,000. Lilikuwa kilomita kadhaa nje ya mji, kati ya mahali ambapo baadaye palikuja kuwa Mtaa wa 42 na Mtaa wa 46, kuelekea mto Hudson. Sehemu ya shamba hilo leo ni Times Square, mahali penye taa za matangazo zinazoonekana kwenye filamu. Wakati huohuo alichukua ardhi za Aaron Burr, Makamu wa Rais wa Marekani aliyekuwa amezama kwenye madeni, na ambaye mwaka 1804 alimuua hasimu wake Alexander Hamilton kwa bastola katika pambano la watu wawili.

Kuna kisa kimoja cha Astor ambacho madalali wa New York wamekisimulia kizazi kwa kizazi. Anasemekana aliuza kiwanja karibu na Wall Street, katikati ya mji, kwa dola 8,000. Mnunuzi alimcheka, akamweleza kwamba baada ya miaka michache kiwanja hicho kitafika 12,000. Astor alikubali kuwa ni kweli. Ila akamweleza kwamba kwa hizo 8,000 yeye angenunua viwanja 80 kule juu ya Canal Street, na siku kiwanja cha mwenzake kitakapofika 12,000, vyake vitakuwa vimefika 80,000. Kama yalisemwa hivyo hasa au yalitiwa chumvi, hesabu yenyewe ndiyo iliyomwongoza maisha yake yote.

Mkataba wa miaka 21

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Astor hakupenda kujenga. Kwa viwanja vingi alichofanya ni kupangisha ardhi tupu. Mpangaji alipewa kiwanja kwa mkataba mrefu, mara nyingi wa miaka 21, akajenga duka au nyumba kwa fedha zake mwenyewe, akalipa kodi ya pango kila mwaka, na kwa kawaida akalipa na kodi ya serikali ya kiwanja hicho.

Chukua mfano wangu, si wa kwake. Kiwanja kina thamani ya dola 1,000, na kodi ya mwaka ni asilimia 5 ya thamani hiyo, yaani dola 50. Baada ya miaka 21 mwenye ardhi amepokea dola 1,050. Bei aliyonunulia imerudi yote, na kiwanja bado ni chake. Katika miaka hiyo 21 mji umekua, kwa hiyo kiwanja sasa kinaweza kuwa na thamani ya dola 5,000, na kodi ya mkataba mpya inapigwa upya juu ya hizo 5,000.

Na jengo je? Hapo ndipo maneno ya mkataba yalipoamua. Mikataba haikufanana yote. Mwingine ulimtaka mwenye ardhi amlipe mpangaji thamani ya jengo au amwongezee muda. Mwingine ulimwachia mpangaji jengo lakini si ardhi, na nyumba ya matofali huwezi kuikunja kama turubai uondoke nayo. Mpangaji aliyejenga kwa jasho alijikuta mwaka wa 21 akikubali kodi yoyote atakayotajiwa, kwa sababu hakuwa na pa kwenda na ukuta wake.

Burr naye hakuwa mmiliki wa mwisho wa ardhi aliyomwachia Astor pale Richmond Hill. Sehemu kubwa ilikuwa mali ya kanisa la Trinity, na mkataba wake ulikuwa unafika ukingoni mwaka 1866. Astor aliujua ukomo huo, akaligawa eneo katika vipande zaidi ya 200, akawapangishia wengine kwa muda mfupi kuliko uliobaki kwake. Alikuwa mpangaji anayepangisha, na alipata faida bila kuwa na hati ya kudumu.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyosikika. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na hatimiliki hutolewa kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99. Mtu anayekuuzia kiwanja cha biashara anakuuzia miaka iliyobaki. Na ukijenga fremu kwenye kiwanja cha mwenzio kwa makubaliano ya mdomo kwamba utakaa bure hadi gharama zirudi, umeingia kwenye viatu vya wale wapangaji wa Astor, tena bila karatasi yao.

Karatasi iliyowashtua wakulima

Kisa hiki hakisimuliwi sana, na kwa wasikilizaji wa vijijini nadhani ndicho kizito kuliko vyote.

Kaskazini mwa mji wa New York, eneo la Putnam, kulikuwa na ardhi ya ekari zaidi ya 50,000 iliyokuwa ya Roger Morris na mke wake Mary Philipse. Wakati wa vita wawili hawa waliegemea upande wa Waingereza. Vita vilipokwisha, jimbo la New York likawa limewanyang'anya ardhi hiyo na kuwauzia wakulima. Mamia ya familia walinunua kwa halali kutoka serikalini, wakafyeka, wakajenga, wakazaa na kuzikana hapo.

Baadaye iligundulika kwamba kwa mujibu wa hati ya ndoa, Morris na mkewe walikuwa na haki ya kuitumia ardhi katika uhai wao tu. Baada yao ilikuwa ya watoto wao. Jimbo liliwanyang'anya wazazi, lakini watoto hawakuwa na kosa lolote, kwa hiyo haki yao ilibaki palepale. Mwaka 1809 Astor aliinunua haki hiyo kutoka kwa watoto kwa pauni 20,000. Mama yao bado alikuwa hai, kwa hiyo alinunua kitu ambacho hakuweza kukigusa hadi afariki. Akasubiri.

Mary Morris alipofariki mwaka 1825, wakulima waliokaa pale miaka 40 waliambiwa kuwa mwenye ardhi ni tajiri wa mjini ambaye hajawahi kulima hata tuta moja pale. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1830, na Astor akashinda. Hatimaye jimbo la New York lilimlipa takribani dola nusu milioni ili wakulima wabaki kwenye mashamba yao.

Sheria ilikuwa upande wake, hilo halina ubishi. Wakulima hawakufukuzwa, lakini waliishi miaka wakilala bila kujua kama msimu ujao watapanda. Mimi nikisoma kisa hiki namuonea huruma zaidi mkulima aliyekuwa na karatasi yenye mhuri wa serikali na akadhani imetosha. Aliyemuuzia hakuangalia nyuma ya karatasi, naye hakuangalia. Aliyeangalia ni mtu aliyekuwa na mawakili.

Fedha taslimu wakati wengine hawana

Tukirudi kwenye ngozi, kampuni yake, American Fur Company, aliyoianzisha 1808, ilitawala biashara hiyo kwa miaka mingi. Haikuwa biashara safi. Pombe ilitumika kuwalegeza wenyeji wa Marekani waliokuwa wakileta ngozi, na jamii nyingi ziliumia kwa sababu hiyo. Mji wake wa biashara kwenye pwani ya Pasifiki, Astoria, ulioanzishwa 1811, ulimpotea mwaka 1813 wakati wa vita na Waingereza. Mwaka 1834, biva wakiwa wamepungua na kofia za hariri zikiwa zimeshika soko, alijitoa kabisa na kubaki na ardhi.

Mwaka 1836 alifungua hoteli kubwa ya mawe Broadway, baadaye ikajulikana kama Astor House. Ili kuijenga ilimbidi anunue nyumba moja baada ya nyingine hadi apate eneo lote la mbele. Hata hapo hakuwa mhudumu wa hoteli, aliwapangishia wajuzi wa kazi hiyo. Jengo lenyewe alimhamishia mwanawe William kwa dola moja.

Mwaka uliofuata, 1837, uchumi wa Marekani ulianguka. Benki zilifunga milango, na watu waliokuwa wamekopa kununua viwanja kwa bei ya juu walishindwa kulipa. Astor alikuwa na fedha taslimu na hakuwa na deni la kumkaba. Alinunua kwa bei ya chini, na pale alipokuwa amekopesha watu kwa rehani ya nyumba na viwanja vyao, alizikamata. Tabia ileile ya 1789, ya kutokopa ili kununua ardhi, ndiyo iliyomweka juu siku wengine walipozama. Waliozama walikuwa watu wenye majina na watoto pia.

Katika uzee wake alikuwa dhaifu, lakini daftari la kodi hakuliachia. Waandishi wa kwanza wa maisha yake walisimulia habari ya mjane aliyeshindwa kulipa pango. Mzee alimsukuma msimamizi wake akamdai. Msimamizi alikwenda kwa William akamweleza hali, William akatoa fedha mfukoni mwake, ikapelekwa kwa baba yake kana kwamba imetoka kwa yule mama. Mzee akatulia. Inasemekana pia kuwa jambo alilolijutia ni kutonunua kisiwa chote cha Manhattan.

Alifariki Machi 29, 1848 akiwa na miaka 84. Mali yake ilikadiriwa kufika dola milioni 20. Dola 400,000 alizitenga kwa ajili ya maktaba ya watu wote, ambayo baadaye iliunganishwa kuunda maktaba kuu ya umma ya New York, na dola 50,000 alizipeleka Walldorf kwa maskini wa kijiji alichozaliwa. Sehemu kubwa ilikwenda kwa William, ambaye watu wa mji walimwita mwenye nyumba wa New York. Juu ya viwanja vya familia hiyo wapangaji walijenga nyumba za bei rahisi za vyumba vilivyobanana, kwa kuwa nani angejenga imara kwenye ardhi atakayoiacha? Familia za wahamiaji zilijazana humo, na kodi iliendelea kupanda hadi kwa wajukuu wa Astor.

Ukishuka leo kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi cha Astor Place, karibu na ilipokuwa maktaba yake, ukutani kuna vigae vyenye picha ya biva akitafuna shina la mti.